Pickup ya stati-stopu ikianza visa, anzia kwa betri

Kama dashibodi ya pickup yako iko na ile herufi A imezungukwa na mshale, una stati-stopu: injini yako inajizimanga yenyewe ukisimama na kujiwasha ukitaka kusonga, na kwa Nairobi hiyo inamaanisha kuzima na kuwaka mara nyingi sana kati ya Pangani na tao hata kabla ufike kazini. Double cab nyingi zinazotoka Uingereza ziko nayo, Ranger, Amarok, L200, na mtu ananunua akifurahia bodi na viti bila kuambiwa kwamba chini ya boneti kuna betri na stata ambazo si za kawaida.

Na hapo ndio shida nyingi zinazaliwa. Gari ya stati-stopu imeundwa kama seti moja. Stata ya gari ya kawaida inatengenezwa kuhimili kuwasha kama elfu 30 hadi 50 maisha yake yote, ya stati-stopu inatengenezwa kufika laki 2 na kupita. Betri ni ya aina ya EFB (ya maji lakini imeimarishwa) au AGM (asidi yake imefyonzwa kwa mikeka ya nyuzi za kioo), si ile ya maji ya kawaida. Beringi za krenki, ile shafti kuu ya injini, kwa injini nyingi za aina hii zimepakwa tabaka maalum la kuvumilia zile sekunde ambazo krenki inaanza kuzunguka kabla oili haijajaa vizuri. Ukitoa kimoja hapo ukaweka cha bei rahisi, vile vingine vinaanza kuumia. Kwa hivyo kabla mtu hajakwambia stati-stopu inaua injini, uliza kwanza ni nini kilibadilishwa kwa hiyo gari.

"Siku hizi haizimi kwa jam, A imekatwa na mstari"

Hii ndio malalamiko namba moja, na mara nyingi gari haina ubaya wowote. Mfumo unakataa kuzima injini kama bado ni baridi, kama AC umeiweka mwisho, kama hujafunga mkanda, kama usukani umeukata sana, ama kama ile chujio ya moshi ya dizeli, DPF, iko katikati ya kujichoma kujisafisha. Kwa gari ya gia za mkono lazima uweke nyutro na utoe mguu kwa klachi kabisa. Sasa dereva wa Nairobi kwa Jogoo Road anakaa na gia ya kwanza na klachi chini kwa sababu akiacha nafasi kidogo matatu imeingia, halafu anashangaa mbona haizimi. Haizimi kwa sababu hujaipa nafasi.

Ukishatoa hizo na umeendesha kama nusu saa na bado haizimi hata siku moja, angalia betri. Stati-stopu ndio kitu cha kwanza gari inakata betri ikianza kuchoka, kwa gari nyingi ikishuka chini ya kama robo tatu ya chaji inaacha kuzima ili isikuache barabarani. Ni gari inakuonya mapema na ukiisikiliza utaokoa pesa. Pima mwenyewe asubuhi gari ikiwa imelala usiku wote, mita ya umeme ya bei ya chini inatosha. Ukiona volti 12.6 kwenda juu, betri imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, chini ya 12 hiyo imeisha. Kumbuka volti nzuri peke yake haimaanishi betri ni nzima, betri mzee inaweza kuonyesha 12.6 halafu ukistati inaanguka. Mwambie mtu astati ukiwa umeshika mita, ikianguka chini ya 9.6 hivi, betri haina nguvu.

Betri ikiwa sawa angalia kile kimefungwa juu yake, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni kosa linaonekana kila mahali. Kwa terminali ya negativu ya hizi gari kuna sensa ndogo imeshikana na waya mzito wa ardhi, kazi yake ni kuhesabu umeme wote unaoingia na kutoka. Mtu anakuja na traka, dashkam, taa za spoti juu ya karia, friji ya safari, na fundi anafunga waya hasi wa vitu vyote moja kwa moja juu ya nguzo ya betri kwa sababu ndio rahisi. Umeme wa hivyo vitu sasa unapita bila sensa kuuona. Gari inadhani betri imejaa kumbe traka imeikula wiki nzima ikiwa imepaki. Dawa yake haina gharama, toa hizo waya kwa nguzo ya betri uzifunge kwa bolti safi ya chesis, ng'ambo ya sensa, halafu upe gari siku chache ijipange.

Ya tatu inashangaza watu, swichi ya boneti. Mfumo haukubali kujizima na kujiwasha boneti ikiwa wazi, mtu asije akakatwa vidole na feni. Kuna double cab moja ililetwa Industrial Area ikiwa imetoka kunyooshwa mbele, rangi mpya inang'aa, mwenyewe amekasirika.

"Fundi, hii gari ilikuwa sawa kabla ya aksidenti, sasa nimeambiwa ninunue betri na stata."

"Mkubwa, hebu kwanza tufungue boneti."

Kwa kufuli ya boneti kuna kaplagi kadogo ka waya mbili, kalikuwa kananing'inia kamepuliziwa rangi pamoja na bodi. Kakasafishwa, kakarudishwa, kufuli ikasongeshwa kidogo ikae chini vizuri. Stati-stopu ikarudi jioni hiyo hiyo bila kununua kitu. Kwa hivyo kama gari yako imewahi kugongwa mbele, anza hapo. Dalili nyingine ni alamu kulia usiku bila sababu, kwa sababu swichi hiyo hiyo mara nyingi ndio inatumiwa na alamu.

Zinazobaki ni chache: swichi ya pedali ya klachi, sensa ya nyutro kwa gia boksi, na kuvuja kwa vakyumu ya breki, maana vakyumu ikiisha haraka gari inakataa kuzima ili usipoteze breki. Hiyo ya mwisho usiichukulie poa. Ukisikia pedali ya breki imekuwa ngumu ama kuna mlio wa hewa ukiikanyaga, wacha kuendesha, ita fundi wa breki.

"Imejizima kwa raundabauti na inakataa kushika"

Kwanza tulia, uwashe hazadi. Mara nyingi dereva alifungua mkanda ama mlango gari ikiwa imejizima, labda anaongea na mtu wa maji ama anaangalia mzigo nyuma, na gari ikaona dereva ametoka ikazima kabisa. Hapo haitajiwasha. Funga mlango, weka nyutro ama P, kanyaga klachi ama breki mpaka chini, halafu washa na ufunguo kawaida.

Kama haishiki, sikiliza. Tak-tak-tak ya haraka na taa za dashi zinafifia, hiyo ni betri ama terminali. Tak moja na kimya, terminali zimelegea, waya wa ardhi kati ya injini na chesis umeoza, ama solenoidi ya stata, ile swichi yake ya sumaku. Ikizunguka kwa mlio mwembamba bila kugeuza injini, meno ya stata hayashikani na fulaiwili, lile gurudumu zito la meno nyuma ya injini. Angalia terminali na waya wa ardhi kabla ya kitu kingine chochote, vumbi na matope ya Nairobi yanakaa kwa hiyo waya ya chini na watu wanabadilisha stata nzima kwa ajili ya bolti moja yenye kutu.

Ikiwa ni kujampa, yaani kuwasha kwa betri ya gari nyingine, chanya iende kwa chanya, lakini hasi usiifunge kwa nguzo ya negativu yenye sensa, ifunge kwa chuma tupu cha injini ama sehemu iliyotengwa kwa kazi hiyo. Ukigeuza waya kwa makosa unaweza kuchoma kompyuta ya gari, na bei yake utailia. Usistati zaidi ya sekunde kumi mfululizo, pumzisha. Ukiona moshi, ukinusa plastiki inaungua ama waya wa stata umekuwa moto mpaka haushikiki, toa terminali ya betri kama unaweza kuifikia salama na uite bredauni. Usijaribu tena hata kama nyuma yako wanapiga honi.

Stata ikiwa kweli imekufa, hapa ndio watu wanapotezea pesa. Ukienda Grogan utapewa stata inaingia kwa bolti zile zile, plagi ile ile, bei nusu, kumbe ni ya gari ile ile lakini toleo lisilo na stati-stopu. Itafanya kazi vizuri kabisa mwanzoni. Halafu itaisha mapema, na ikiisha inaweza kutafuna meno ya fulaiwili, na kubadilisha fulaiwili ni kushusha gia boksi. Linganisha namba ya spea iliyoandikwa kwa ile ya zamani, usilinganishe umbo. Kama ya kweli haipatikani ama bajeti haitoshi, weka hiyo ya kawaida lakini uwe unazima stati-stopu kila ukiwasha gari. Hiyo ni sawa kabisa, hakuna aibu hapo.

"Nanunua betri, haimalizi mwaka"

Sababu kubwa ni betri ya aina isiyofaa. Betri ya kawaida haipendi kutolewa na kurudishwa chaji mara nyingi, na hiyo ndio kazi ya stati-stopu kutwa nzima, injini imezima lakini redio, taa, feni na wiper ziko kwa betri. Kama gari ilikuja na AGM rudisha AGM. Ikiwa ilikuja na EFB unaweza kuweka EFB ama upandishe iwe AGM, lakini usishuke chini. Soma kibandiko juu ya betri ya zamani, na kama ilishabadilishwa na mwenyewe wa kwanza usiiamini, angalia kitabu cha gari.

Sababu ya pili, betri mpya haikutambulishwa. Magari mengi ya aina hii lazima kompyuta iambiwe betri imebadilishwa, la sivyo inaendelea kuichaji vile ilikuwa inachaji ile mzee. Ni kazi ya dakika chache kwa fundi mwenye mashine ya kuskani, muulize wazi kabla hujalipa: "Utaisajili?" Akikuangalia tu bila jibu, tafuta mwingine.

Ya tatu ni safari fupi fupi. Ukitoka Kilimani kwenda Yaya na kurudi kila siku, AC na taa ziko on, chaji hairudi. Mara moja kwa wiki ipe barabara ndefu, Thika Road mpaka Juja hivi, DPF pia itakushukuru.

Alternata inakuja mwisho kabisa, ingawa ndio inabadilishwanga kwanza. Alternata za hizi gari zinaongozwa na kompyuta, wakati mwingine zinapunguza chaji makusudi ili zisiibebeshe injini kazi, na zinapandisha ukiachilia mafuta. Fundi akipima injini ikiwa inanguruma aone 12.8, anasema alternata imekufa. Mwambie awashe taa kubwa, feni ya AC mwisho na hita ya kioo cha nyuma, apime tena. Ikipanda kwenda kama 14, alternata iko salama. Ikibaki chini na taa ya betri imewaka kwa dashi, hapo sawa, ina shida.

"Inatingisha gari yote ikizima ama ikiwaka"

Dizeli kubwa ikizima lazima itikisike kiasi, lakini ukiona kikombe cha chai kinaruka kwa kishikio, kuna kitu. Cha kawaida zaidi ni mauntini za injini. Nyingi za hizi gari zina mauntini zenye maji ndani, zikipasuka utaona unyevu mweusi chini yake. Funga handibreki, mtu aweke D ama aachilie klachi kidogo sana huku wewe ukiangalia kutoka pembeni, usisimame mbele ya gari hata siku moja. Injini ikiruka juu, mauntini imeisha. Ni spea ambayo kweli stati-stopu inaimaliza mapema, kwa maana kila kuzima ni mvuto mmoja juu ya raba, na barabara zetu zinaongeza zao.

Kwa gari za gia za mkono inafuata fulaiwili ya vipande viwili, ile yenye springi ndani. Injini inapozima na kuwaka inapita mizunguko ya chini ambayo ndio hizo springi zinapigwa sana. Dalili ni mlio wa mabati yakigongana wakati wa kuzima, ama kelele ukiwa nyutro inayobadilika ukikanyaga klachi. Usingoje. Ikivunjika inaweza kutoboa nyumba ya gia boksi. Hii si kazi ya pembeni ya barabara, inataka mahali pa kushusha gia boksi na mtu aliyewahi kuifanya.

Injekta mbovu pia zinatingisha, ila hizo zitatingisha hata ukiwa umesimama injini ikinguruma, si wakati wa kuwaka peke yake. Na sikiliza mkanda wa injini na tensiona inayoukaza, mlio wa kwiii kila injini ikiwaka ni wa kuangaliwa mapema.

Gia ya otomatiki inagonga, AC inakuwa joto

AC kwanza, hiyo si ugonjwa. Kompresa inazungushwa na injini, injini ikizima baridi inabaki kidogo tu kisha hewa ya kawaida. Gari ikiona joto limepanda ndani itajiwasha yenyewe. Februari mchana kwa jam ya Mombasa Road zima tu hiyo stati-stopu ukae vizuri.

Gia ya otomatiki inahitaji presha ya oili ili klachi zake zishike, na presha hutoka kwa pampu inayozungushwa na injini, kwa hivyo wameweka pampu ndogo ya umeme ama silinda ya kuhifadhi presha. Ikigonga mara moja moja ukiachilia breki ghafla, badilisha mguu. Ikigonga kila mara, angalia oili ya gia, iwe ile kitabu kinasema na si "ATF yoyote". Oili ikiwa sawa na bado inagonga, peleka kwa mtu wa gia boksi za otomatiki pekee, usikubali ifunguliwe na fundi wa jumla.

Na injini yenyewe je? Tabo na beringi?

Swali zuri na watu wana haki ya kuogopa. Sehemu kubwa ya kuchakaa kwa kuwasha hutokea injini ikiwa baridi, oili yote imeshuka chini. Stati-stopu haifanyi kazi injini ikiwa baridi, inazima na kuwasha injini moto ambayo bado ina oili kwa beringi. Kwa hivyo kwa gari yenye seti yake kamili na oili ya gredi sahihi, beringi si kitu cha kukunyima usingizi. Oili nzito ya kubahatisha, ama oili iliyopitisha muda, hiyo ndio ya kuogopa. Kwa jam yetu injini inafanya masaa mengi kwa kilomita chache, basi usingoje kilomita za kitabu ziishe, mwaga mapema. Na kama iko na DPF uliza oili ya majivu kidogo, la sivyo unaziba chujio pole pole.

Tabo, ile pampu inayosukuma hewa kwa injini kwa nguvu ya moshi, ni tofauti kidogo. Umepanda Mai Mahiu na tani ya viazi, tabo iko nyekundu, unafika juu unasimama kwa kizuizi na injini inazima pale pale. Gari nyingi zina akili ya kukataa kuzima tabo ikiwa moto, lakini mimi sitaki kubahatisha na kitu cha bei hiyo. Ukibeba mzigo ama ukivuta trela, bonyeza swichi ya A kabla ya kupanda, na ukifika acha injini ingurume dakika moja au mbili.

Dalili za kusimama mara hiyo hiyo: taa nyekundu ya oili ikiwaka ama kumetameta baada ya injini kujiwasha, kugonga kwa chini ndani ya injini, moshi wa bluu ukiambatana na mlio wa tabo. Zima, ita bredauni, usiiendeshe "mpaka kwa fundi tu". Hizo kilomita mbili ndio zinageuza beringi kuwa injini nzima.

Kuizima kabisa

Swichi ipo na ni halali kuitumia, tatizo ni kwamba kwa gari nyingi inarudi on kila ukiwasha upya. Kuna vifaa vya kuchomeka vinavyokumbuka ulivyoacha, na kuna wanaobadilisha kwa kompyuta. Kama mtu ana mashine sahihi na anahifadhi seti za mwanzo kabla ya kugusa, sina neno. Njia ambayo naikataa ni ile ya kuchomoa plagi ya sensa ya betri ama ya boneti. Stati-stopu itakufa kweli, lakini umezima pia hesabu ya chaji ama alamu, na betri itaharibika bila kukuonya.

Pickup mpya za volti 48, kama Hilux ya volti 48, ni habari nyingine. Huko mota inageuza injini kupitia mkanda na kuna betri ya lithiamu chini ya kiti cha nyuma. Usifungue, usijampe kutoka hapo, usipige maji. Hiyo iende kwa wenye mafunzo yake.

Ya mwisho ni mvua. Kuanzia Machi mpaka Mei barabara za South C na Industrial Area zinajaa maji kwa dakika chache. Kabla hujaingia kwa maji bonyeza swichi ya A, kwa sababu ukisimama katikati nyuma ya matatu injini ikajizima, na mfumo ukajaribu kuiwasha maji yakiwa yamefika kwa mdomo wa kuvuta hewa, itavuta maji kwa silinda na kupinda fimbo za pistoni. Ikizima ndani ya maji usistati hata mara moja, hata ikijionyesha iko tayari. Toa ufunguo, ivutwe, na fundi afungue chujio ya hewa aangalie kama ni lowa. Ikiwa ni lowa, atoe plagi za kupasha joto, ageuze injini kwa mkono maji yatoke, amwage oili, ndipo mtu aguse stata.